Ukoka wa Eda

Hadjara wa Rumonge hakuwa mtu wa kusahau. Wapo watu ambao hasira yao ni moto wa makuti, unawaka mara moja na kuzimika kabla chungu hakijapata joto. Ya kwake ilikuwa moto wa pumba: huoni mwali, huoni moshi, lakini weka mkono ujue. Muuza chumvi mmoja wa sokoni aliwahi kumwambia mbele za watu kwamba ndagala wake wana mchanga. Tangu siku hiyo hakununua chumvi kwake wala hakuitikia salamu yake. Yule mtu alipofariki, Hadjara alikwenda msibani, akakaa na wanawake wenzake, akala wali, akarudi nyumbani na kusema, "Haya, tumemalizana." Mumewe Mansuri alikuwa akiwaambia watu, "Mukimuudhi mke wangu, nunueni sanda mapema." Watu walicheka. Hadjara hakucheka, kwa sababu hakuona kosa katika maneno hayo.

Alizaliwa hapo Rumonge, mji wa Warundi kando ya ziwa, mtaa wa Waswahili, mjukuu wa watu waliotoka Kongo na Ujiji enzi za Wabelgiji, wakajenga, wakaswali na kuzikana hapohapo. Kazi yake tangu usichana ilikuwa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kuwaanika na kuwauza wakiwa wakavu. Alikuwa na vichanja vyake kando ya maji, na alijua kugeuza samaki bila kumvunja hata mmoja kichwa. Kirundi alikisikia, lakini kilimpita masikioni kwa haraka, na kikitoka kinywani mwake kilitoka kimevaa kanzu. Jirani yake Fabiola, Mrundi aliyehamia hapo kutoka milimani akafungua shamba la muhogo, alikuwa akimcheka kwa hilo, naye Hadjara alikuwa akikicheka Kiswahili cha Fabiola. Hivyo ndivyo walivyopendana, kama majirani wa kawaida tu, mmoja akiomba moto kwa mwenzake na mwingine akiomba kisu.

Kisha ziwa likapanda.

Lilipanda msimu huu, likashuka kidogo, likapanda zaidi msimu uliofuata. Lilimeza mchanga, likameza minazi, likaingia nyumba za watu na kulala humo bila kualikwa. Mansuri alijenga ukuta wa mawe upande wa maji, na ukuta ukaokoa nyumba. Lakini ziwa lilimeza na kitu kingine ambacho hakuna mtu aliyekililia: majani mafupi ya ufukweni, yale yaliyokuwa malisho ya viboko tangu dunia iumbwe. Zamani kiboko alikuwa mnyama wa usiku. Ulimsikia akikoroma majini mchana kutwa, usiku akapanda kula, alfajiri akarudi, nawe ukaona nyayo zake tu. Sasa chakula kilikuwa mbali, na mwenye njaa hana miiko. Akaanza kutoka jua likiwa bado juu, hasa siku za mawingu ngozi yake isipochomeka, na kurudi wakati watu wamo mashambani. Mmoja, dume mwenye sikio lililochanika, watu walimpa jina Duani, yaani forodha, kwa maana hakuna shamba alilopita bila kutoza ushuru wake.

Hapo ndipo maneno mawili yalipokutana. Kwa Kirundi, mvua ni imvura, na kiboko ni imvubu. Wazee hawakuwahi kuyachanganya, kwa sababu mtu akipiga kelele mchana ilikuwa mvua, na akipiga kelele usiku ilikuwa kiboko. Kila neno lilikuwa na saa yake.

Siku moja ya mwisho wa masika, alasiri yenye mawingu mazito, Mansuri alikuwa kibarazani akinywa kahawa. Vichanja, kule chini nje ya ukuta, kando ya kiwanja cha Fabiola, vilikuwa vimejaa ndagala. Fabiola alikuwa juu, kwenye migomba yake. Ghafla sauti yake ilishuka na upepo, kali, mara mbili. Mansuri aliweka kikombe chini, akasema, "Mvua hiyo, ndagala wetu!" akakimbia kuelekea kwenye maji. Hadjara alibaki ndani akitafuta turubai la kuwafunikia. Alipotoka nalo mkononi, Duani alikuwa anateremka kutoka shambani kurudi ziwani, na Mansuri alikuwa amesimama katikati, baina ya mnyama na maji, akikusanya samaki. Mambo yaliyofuata hayakuchukua muda hata wa kupiga ukelele mwingine. Mansuri alizikwa siku iliyofuata, na mvua yenyewe haikunyesha.

Msibani shehe alisema mnyama hana dhambi, hana hesabu mbele ya Mungu. Hadjara alisikiliza vizuri sana. Kama mnyama hana dhambi, aliwaza, basi dhambi hii ina mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa ameketi mkekani pamoja na waombolezaji, macho mekundu, sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa, magotini.

"Wewe ulisema imvura," Hadjara alimwambia, mbele ya watu wote.

Fabiola alishika kifua. "Mama Hadjara! Mi nilisema imvubu. Niliiona na macho yangu. Haki ya Mungu, nilisema imvubu."

"Nimesikia kwa masikio haya mawili. Ulisema imvura, mume wangu akakimbia kufuata mvua yako. Chukua sombe yako uende."

Mwamini, dada ya Mansuri, alijaribu kuingilia kati. "Wifi, basi. Pengine upepo..."

"Upepo haukuwa na mdomo. Huyu alikuwa nao."

Fabiola aliondoka na sufuria yake. Kesho yake alileta nyingine, akaiweka penye kichaka kinachotenganisha nyua zao, na Hadjara akawapa mabata. Hata keshokutwa mabata walikula vizuri.

Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake, bila manukato, bila mapambo, bila kuvuka uzio kama hakuna dharura. Wenye huzuni huitumia kwa kulia na kusali. Hadjara alilia, na alisali, na saa zilizobaki, ambazo zilikuwa nyingi, alikaa dirishani akimtazama Fabiola akilima. Alimchukia kwa utulivu. Alichukia namna anavyoinama, alichukia nyimbo zake za kanisani, alichukia muhogo wake jinsi unavyostawi wakati Mansuri yuko chini ya udongo. Angetaka kwenda kumng'oa shina kwa shina. Lakini eda ni eda, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja sheria ya Mungu kwa ajili ya muhogo. Kisasi chake kilipaswa kumfuata hapo nyumbani.

Aliyemwonyesha njia alikuwa mtu mwema kabisa. Jina lake Revokatus, kijana wa ofisi ya mazingira, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za viboko. Aliketi kibarazani, na Hadjara alimjibu kutoka nyuma ya pazia.

"Viboko wamekuwa wengi mno," Hadjara alisema. "Mutatuacha waje watumalize?"

"Hawakuongezeka, mama," Revokatus alisema. "Zamani walikuwa wengi kuliko hawa. Ila ziwa imewafukuza kwao, sawa na vile imewafukuza ninyi. Majani yao iko chini ya maji. Huku juu watu tumepanda miti ya mawese mpaka mulangoni kwa maji. Kwa hiyo wale waliobaki wote wamesongamana mu kipande kidogo, ndiyo maana munawaona kila saa. Mama yao akikosa majani, maziwa inakauka, mutoto anakufa. Wanatembea mbali, wanachelewa kurudi, wanakutana na watu. Njaa haingojei usiku."

"Na mtu akiwa na majani mabichi kwake, kiangazi hiki?"

"Asijaribu, mama! Majani iko wapi, nao wako hapo."

"Murakoze sana," Hadjara alimshukuru kwa Kirundi, na lilikuwa neno tamu la kwanza kutoka kinywani mwake tangu mazishi.

Nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yalipokuwa yakitiririka, kulikuwa na kipande cha ukoka, majani yale mafupi, laini, yanayotambaa. Hadjara alichukua kisu, akakata vipande, akavipanda uani kote. Maji hayakumsumbua: ziwa lilikuwa limeacha dimbwi nyuma ya ukuta, na ukichimba kidogo tu unachota. Asubuhi alimwagilia na jioni alimwagilia. Mjane akafanya bustani. Mwamini alipomletea unga alishangaa.

"Wifi, hayo majani ya nini?"

"Ya mbuzi. Nitachinja sadaka eda ikiisha."

"Mbuzi mwenyewe yuko wapi?"

"Atakuja," alisema Hadjara.

Kiangazi kikaingia. Vilima vilikauka vikawa rangi ya mkate, watu wakachoma moto mashamba, moshi ukakaa juu ya mji. Ufuko wote ule haukuwa na jani lililonyooka, isipokuwa muhogo wa Fabiola, na uani kwa Hadjara, ambako kulikuwa kijani cha kuumiza macho. Sasa tazama jinsi alivyopiga hesabu. Upande wa maji kwake kulikuwa na ukuta wa mawe wa Mansuri, na kiboko haruki ukuta. Njia ilikuwa moja tu: kutoka majini kupitia kiwanja cha chini cha Fabiola, kukatiza muhogo wa Fabiola, kupenya kichaka, kisha ukoka. Aliyemtaka Hadjara alipaswa kwanza kumkanyaga Fabiola.

Duani alikuja jioni moja, magharibi, akiwa na wawili nyuma yake, jike mmoja na mwingine mbavu nje. Hadjara alisimama dirishani gizani, taa amezima. Kulikuwa na ukuta wa nyumba tu kati yake na muuaji wa mumewe. Alimsikia akiyakata majani kwa midomo, kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, aliliona lile sikio, na chuki ilimjaa mpaka akaisikia tamu ulimini. "Kula, baba," alinong'ona. "Kula, na kesho uje tena." Asubuhi alimsikia Fabiola akilia shambani. Alirudi kitandani akalala usingizi mzuri, wa kwanza tangu masika.

Haikuwa mara moja. Fabiola alichomeka miti, wakaivunja. Akafunga makopo kwenye kamba ili yagongane, wakayazoea. Akawasha moto, nao wakangoja ukazimika. "Mama Hadjara," aliita siku moja kupitia kichaka, "Duani amenimalizia nusu ya shamba. Sijui nimemukosea nini." Hadjara alikuwa upande wa pili, kopo la maji mkononi, akimwagilia. Alisubiri Fabiola aondoke ndipo akamalizia.

Lakini kisasi ni kama chumvi: ukionja kidogo unataka tena. Muhogo haukumtosha. Muhogo unaota, Mansuri haoti. Usiku mmoja aliwaza jambo, na halikumwacha. Aliwaza kwamba siku moja, kwa vyovyote vile, Fabiola atakuwa kule chini kwenye maji wakati Duani yuko uani akila, na Duani atataka kurudi. Siku hiyo mtu mmoja tu atakuwa anawaona wote wawili, naye ni Hadjara dirishani. Hatafanya lolote. Hatasukuma, hatadanganya. Atanyamaza tu. Ulimi hauna mfupa, lakini wa Fabiola uliua. Wake hautasema neno. Aliapa hivyo akiwa amekaa juu ya mswala, na wala hakuona aibu.

Siku ilifika eda ikikaribia kwisha, mawingu ya kwanza ya vuli yalipoanza kujikusanya upande wa Kongo. Fabiola alikuwa amevuna muhogo ulionusurika kabla viboko hawajaumaliza, akaumenya, akauloweka, na sasa alikuwa ameuanika kwenye turubai katika kiwanja cha chini, hatua chache kutoka majini. Ulikuwa chakula chake chote mpaka mavuno mengine. Kutwa nzima jua lilikuwa limejificha. Baada ya alasiri Duani alitoka, tena peke yake, akapita kando ya turubai na kukatiza shamba Fabiola akiwa jikoni, na alipofika uani kwa Hadjara akaanza kula kana kwamba anaishi hapo. Fabiola hakumwona. Alishuka kutoka jikoni kugeuza muhogo wake, akachuchumaa, mgongo kwa shamba, uso kwa ziwa.

Hadjara alikuwa dirishani.

Alimwona Duani akiinua kichwa. Alimwona akigeuka, taratibu, ameshiba, akipenya kichaka kwa njia yake ileile ya kila siku. Kutoka hapo mpaka kwenye turubai hakukuwa na kitu ila mashina ya muhogo yaliyokatwa. Mwanamke alikuwa anaimba. Hadjara alifumba midomo. Aliyaleta yote mbele ya macho: kikombe cha kahawa kilichobaki kibarazani, turubai mkononi mwake, miguu ya Mansuri. Nyamaza, alijiambia. Ahadi ni deni. Nyamaza tu.

Alipokuja kujitambua, alikuwa ameshapiga kelele.

"Imvubu!" Mdomo ulikuwa umemtangulia moyo. Alilitoa neno kwa Kirundi, kwa lugha ya yule mwanamke, ili asikie haraka. "Imvubu! Fabiola, imvubu!"

Fabiola alinyanyua kichwa. Alitazama mbingu, ile iliyokuwa nyeusi upande wa Kongo. Kisha akageuza uso kidogo kuelekea dirishani, na uso huo, Mungu ni shahidi, ulikuwa umechanua kwa furaha. Jirani yake alikuwa amesema naye. Aliinua mkono. "Murakoze, mama! Murakoze!" Akainama kwa haraka, akaanza kukunja turubai na kukusanya muhogo.

Hadjara alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Aliita tena, na mara hii alilisikia neno lake mwenyewe likiondoka dirishani, likichukuliwa na upepo wa ziwa, likipoteza mwisho wake hewani. Huko chini Fabiola akazidisha mikono.

Hakuwaza eda. Alinyakua mfuniko wa sufuria na mwiko, akatoka mlangoni, akavuka uwanja, akavuka kichaka, kanga imemwanguka, akigonga na kupiga kelele kwa lugha ya mama yake: "Kiboko! Kiboko, Fabiola! Kimbia! Nyuma yako, kiboko!"

Duani alisikia makelele nyuma yake, naye kiboko akishtuliwa nchi kavu hana wazo ila moja: maji. Akatimka. Fabiola aligeuka, akamwona, akajirusha pembeni kwenye matope. Mnyama alipita juu ya turubai, akalikokota shingoni pamoja na muhogo, akaingia ziwani kwa kishindo kilichowalowesha wote wawili. Turubai lilielea kidogo, kisha likazama. Muhogo mweupe ulitapakaa juu ya maji.

Hadjara alimkuta Fabiola amekaa matopeni, ameshika mkono wa kushoto uliokuwa umepinda vibaya. Hadjara alipiga magoti mbele yake, mfuniko bado uko mkononi.

"Mbona hukukimbia?" Hadjara aliuliza. Sauti ilikuwa ya ukali, hakuwa na nyingine. "Nimekuita. Mbona ulikunja muhogo?"

Fabiola alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Nilisikia umesema imvura," alisema. "Mi nikasema, leo mama Hadjara amenihurumia."

Hadjara alikaa chini. Alimwona Mansuri akiweka kikombe chini. Alimwona akikimbia, mwaminifu kwa neno alilolisikia, neno ambalo hakuna mtu aliyelisema. Miezi yote ile alikuwa amemhukumu mwanamke huyu kwa herufi mbili zilizopeperushwa na upepo.

"Sijui wanafuata nini hapa kwangu," Fabiola alisema, akilia sasa. "Ufuko wote huu. Kwa nini wanapita kwangu kila siku?"

Hadjara angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuwa amejifunza vizuri. Alitazama juu, uani kwake, ambako ukoka ulikuwa unang'aa kijani chini ya wingu.

"Wanafuata majani yangu," alisema. "Nilikupandia wewe."

Fabiola aliacha kulia. Alimtazama Hadjara, akatazama yale majani, kisha shamba lake lililobaki vigingi, akafuata ile njia kwa macho mpaka ilipoishia kwenye matope waliyoketi. Alirudisha mkono wake mbovu kifuani, taratibu, akiuweka mbali na yule aliyekuwa karibu naye. Majini Duani aliibuka, akapuliza pua, akazama tena.

Tone la kwanza liliangukia mfuniko wa sufuria, likalia. Likafuata la pili.

Fabiola aliinua uso. "Imvura," alisema.

Hadjara aliruka juu akageuka nyuma, mwiko umeinuliwa. Nyuma hakukuwa na kitu, kichaka tu na shamba.

"Umesema nini?" aliuliza. "Sema tena. Sema kwa Kiswahili."

"Mvua," Fabiola alisema. "Mvua, mama Hadjara. Mvua tu."